Hivi kiangazi cha pwani kinarefuka kweli, au ni maneno ya barazani?

#1 Mwanamicheweni
Wakuu, salaam. Niko Pemba, upande wa Micheweni, nalima muhogo na mpunga wa kutegemea mvua. Watu wazima wote ninaokaa nao wanasema kiangazi cha zamani hakikuwa hivi. Ilikuwa vuli ikitoka, Januari na Februari unapata mvua moja moja ya kulaza vumbi, kisha masika yanaingia. Sasa wanasema vuli ikikatika imekatika, unakaa mpaka Machi inakwisha ukitazama mawingu yanapita juu kwenda zao.

Mie nimerudi shamba 2009, kwa hiyo ya zamani siyajui. Ya sasa nayajua. Juzi nimeng'oa shina la muhogo wa miezi minne, nikatia kidole kwenye shimo lake. Kidole kizima kimezama kwenye vumbi, unyevu nimeupata pale kiganja kilipogusa. Na wakati nafanya hivyo shati limeninata mgongoni tangu asubuhi, jasho halikauki. Hewa imejaa maji na ardhi imekauka, vyote kwa pamoja, na hapo ndipo akili yangu inapokwama.

Kuna mtu ana vipimo vya miaka mingi? Kiangazi kinarefuka au hakirefuki?

#2 Ngalawa
Kinarefuka, mie sina wasiwasi. Mvuvi hahesabu mvua, anahesabu upepo. Kaskazi ikishalegea, bahari ikalala ukaiona kama mafuta, wazee wetu hapa Nungwi walikuwa wakituambia vuteni vyombo juu, kusi na mvua zake ziko nyuma. Sasa inalegea siku tatu, unaanza kupanga mambo yako, inarudi tena kama ndiyo kwanza Disemba. Hizo siku inazorudi ndizo kiangazi chako kinachozidi.

#3 Kuchele
Jamani mnanichanganya. Mimi niko Mtwara. Januari kwetu ndiyo mvua yenyewe, mtu yuko shambani na jembe. Kiangazi ni Juni mpaka Oktoba huku. Mnazungumzia pwani ipi?

#4 Mwalimu wa Ramani
Kuchele uko sahihi na mwenye uzi yuko sahihi. Ukanda wa mvua unalifuata jua. Januari jua liko kusini, kwa hiyo Mtwara na Lindi mnanyeshewa, nyinyi mna msimu mmoja mrefu wa Disemba hadi Aprili. Kuanzia Dar kupanda juu ni misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Disemba na masika ya Machi hadi Mei, na kiangazi kinachozungumzwa hapa ni lile pengo la katikati, wakati wa kaskazi. Na kadiri unavyopanda pengo linazidi kukauka: Unguja na Pemba bado wanapata mvua za hapa na pale Januari na Februari, Mombasa kidogo sana, Lamu ni karibu na hakuna.

Kwa hiyo pwani hii ina unyevu mwingi hewani kwa mwaka mzima, lakini mvua zake zina milango. Pemba inapata karibu mm 1,900 kwa mwaka, Unguja kama 1,600, na bado unaweza kukaa wiki nyingi bila tone.

#5 Kuchele
Nimekupata, mkuu. Ila msitusahau na sisi: huku kuna jua linaingia katikati ya msimu, mara nyingi Februari, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Wiki mbili tu zinatosha kukumaliza. Na hilo nalo watu wanasema limezidi.

#6 Takwimu Kwanza
Nimefanya kazi ya kuingiza data za mvua kwa miaka kadhaa, naomba niwe mkorofi kidogo, maana swali la #1 ni zuri lakini "kinarefuka" ina maana nne tofauti.

Kwanza, siku kavu ni ipi? Wapimaji wengi wanahesabu siku kavu kuwa ni ile yenye mvua chini ya mm 1, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tatu asubuhi inayofuata. Sasa chukua siku 30 bila mvua. Siku ya 15 ikidondoka mm 1.2, kile kipindi kimevunjika vipande viwili vya wiki mbili mbili. Kwenye jedwali mambo yanaonekana mazuri. Shambani ile milimita moja imekwisha kabla ya adhuhuri, maana jua la kiangazi cha pwani linaweza kunyonya kama mm 5 kwa siku.

Pili, watu wakitafuta mwelekeo wa miaka mingi huchukua kile kipindi kirefu kuliko vyote katika kila mwaka. Hiyo ni namba moja kwa mwaka. Inaruka sana. Ukianza hesabu yako 1998, mwaka ambao mvua za El Niño zilivuka mpaka Januari na zaidi, lazima mstari wako uonekane unapanda. Ukimalizia 2024, ambapo sehemu nyingi vuli ya 2023 nayo ilivuka mpaka Januari, mstari unashuka. Ni data zilezile.

Tatu, na hili linaniuma mpaka leo. Niliwahi kukabidhiwa madaftari ya kituo kimoja, sitakitaja. Februari nzima ni sifuri, wino mmoja, mwandiko mmoja, sifuri zote zimeinama upande mmoja kama zimeandikwa kikao kimoja. Mwezi uliofuata pia una wiki mbili za namna hiyo. Nikauliza, nikajibiwa mpimaji alikuwa likizo. Siku isiyopimwa inatakiwa iachwe na alama yake ya kukosekana. Ukiandika sifuri umetengeneza ukame ambao haukutokea, na miaka thelathini baadaye mtu anachora nao grafu.

La nne nitalileta baadaye, nina mgeni.

#7 Bagamoyo Asili
Mnazunguka sana wakuu. Miti imekatwa. Nendeni mkaangalie magunia ya mkaa barabarani. Mti unavuta mvua, ukikata mti mvua inakwenda zake. Babu zetu walijua hili bila grafu.

#8 Msambaa wa Muheza
Bagamoyo Asili nakuunga mkono nusu. Mimi niko chini ya milima ya Usambara Mashariki. Pale Amani, kwenye mita 900 hivi, msitu unakamata ukungu: unaamka kumekauka mbinguni lakini chini ya miti kunadondoka, tup, tup, na njia imelowa. Ukikata miti ile, hayo maji unayapoteza hivihivi unaona. Na mito yetu ya kuja Tanga inategemea hayo.

Lakini mvua ya Bagamoyo au Micheweni inatoka baharini. Ukikata mikoko yote (msikate) bahari bado iko palepale inatoa mvuke. Kinachobadilika ukikata miti bondeni ni ardhi: jua linapiga udongo moja kwa moja, mvua ikija inakimbia juu, na wiki mbili za jua zinakuuma kama wiki nne. Halafu unasema kiangazi kimerefuka.

Kwa wanaotaka rekodi ndefu, Amani ni mahali pa kuanzia. Kituo cha utafiti kilianzishwa na Wajerumani 1902.

#9 Bagamoyo Asili
Hiyo "ardhi inakuuma" ndiyo ninayosema mimi. Tumekubaliana, ila wewe umesema kwa maneno mengi.

#10 Fundi Visima
Nachimba visima Dar na Mkuranga, niongeze upande wangu. Kila kiangazi napigiwa simu: "Fundi, kisima kimekauka, mvua zimepungua." Nikifika naangalia ukuta wa kisima. Kuna mstari mweupe wa chumvi pale maji yalipokuwa yanakaa zamani, na mstari mwingine chini yake, na mwingine. Halafu nainua kichwa natazama mtaa: wakati kile kisima kinachimbwa kulikuwa na nyumba sita, leo kuna sitini na kila moja ina pampu. Mvua ingebaki ileile, kisima kingekauka tu.

Oktoba 2022 Dar tulipowekwa kwenye mgao kwa sababu Mto Ruvu umeshuka, kila mtu alisema "hajawahi kuona". Mvua zilikuwa mbaya kweli, silipingi. Lakini mto uleule unanywewa na watu wengi kuliko wa miaka ya themanini. Tusipotenganisha hayo mawili tutailaumu mbingu kwa kazi ya pampu.

#11 Mwanamicheweni
Fundi, nimekuelewa, lakini mie sina pampu wala mtaa. Nina muhogo na udongo wa mawe.

#12 Mzee wa Miongo
Salaam aleikum. Mjukuu ananiandikia hapa, mie nasema.

Nyinyi mnahesabu kwa Januari na Februari, sie tulihesabu kwa mwongo. Mwaka unaanza Siku ya Mwaka, Makunduchi watu wanakoga, Julai. Unahesabu kumi, ishirini, thalathini, mpaka mia, mpaka mia tatu na sitini, na siku tano juu yake. Kila kumi ni mwongo mmoja na una kazi zake. Babangu alilima mtama na kunde kwenye uwanda. Mvua yake ya kupandia masika alikuwa haingojei kupita mwongo wa mia mbili na arubaini. Mie nimelima mpaka miguu imekataa, na miaka yangu ya mwisho mvua hiyohiyo naipata mia mbili na khamsini. Mwongo mzima umeliwa na jua. Hilo sikulisoma kwenye karatasi.

#13 Ngalawa
Shikamoo mzee. Takwimu Kwanza, njoo ujibu hapa, mgeni wako mwache na chai.

#14 Takwimu Kwanza
Shikamoo mzee, na ahsante, maana hii ndiyo rekodi ya kweli kuliko sifuri zangu za likizo. Lakini naomba nionyeshe kitu.

Mwaka wa mwongo una siku 365 kamili. Hauna siku ya kuongeza kila mwaka wa nne kama kalenda ya ukutani. Jua lenyewe linachukua siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka inasogea mbele ya majira kwa siku moja: inawahi. Miaka arubaini ni siku kumi. Yaani mwongo mmoja kamili.

Maana yake mvua ikija siku ileile ya jua kama enzi za baba yako, hesabu ya mwongo itakuonyesha imechelewa kwa siku kumi. Kati ya kilimo cha baba na miaka ya mwisho ya mwana, si ndiyo miaka arubaini hivi? Sisemi mzee kakosea kuona. Aliona sawasawa. Nasema kipimo chenyewe kimetembea chini ya miguu yake.

#15 Bagamoyo Asili
Sasa huyu anamsahihisha mzee aliyelima kabla yeye hajazaliwa.

#16 Mzee wa Miongo
Mwache, kajibu kwa adabu. Marahaba mwanangu. Nimekaa na mjukuu tumeihesabu, iko sawa.

Lakini Kilimia, kile kishada cha nyota, hakina kalenda. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kinazama jioni magharibi mwezi wa Mei, hukioni tena mpaka alfajiri za Juni. Nilipokuwa kijana, kikizama mpunga wetu wa bondeni umeshafika magotini, maana masika yalishatunywesha wiki nyingi. Miaka ya mwisho niliyolima, kinazama na mpunga uko vifundoni. Nyota ni ileile, na bonde ni lilelile. Nieleze na hilo.

#17 Ngalawa
Takwimu, hapo umeshikwa.

#18 Takwimu Kwanza
Nimeshikwa, nakubali. Nyota hazitembei kama mwongo; zinasogea dhidi ya majira kwa siku moja tu kila miaka sabini hivi. Ushahidi wa Kilimia na mpunga una uzito kuliko hesabu ya mwongo. Nitakachouliza ni mbegu: ilikuwa mbegu ileile miaka yote? Mpunga wa muda mrefu na wa muda mfupi haupandwi wakati mmoja.

Na sasa lile la nne nililoahidi, na mzee kanisaidia bila kujua. Wapimaji wengi wanahesabu vipindi vikavu kwa mwaka wa Januari hadi Disemba. Kiangazi chetu kinaanza vuli inapokatika Disemba na kinavuka mwaka. Ukikata Disemba 31, siku 20 zinabaki mwaka huu na 40 zinakwenda mwaka mwingine. Kipindi cha siku 60 hakionekani popote! Nimeona majedwali mengi yenye kosa hilo. Ukitaka kuhesabu vizuri unaanza Julai. Na mwaka wa mwongo unaanza Julai. Wazee hawakuwa wanakikata kiangazi katikati.

#19 Mzee wa Miongo
Mbegu tulibadilisha mara moja, nilipokuwa na watoto wawili. Kabla ya hapo na baada ya hapo sikubadilisha.

#20 Dada wa Kwale
Huku Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, nafikiri tatizo si urefu tu, ni namna inavyonyesha. Mamangu anakumbuka mvua za siku nzima za taratibu, unafunga mlango, unapika, unalala, bado inanyesha. Siku hizi inakuja saa moja, inabeba udongo wa shamba hadi barabarani, kisha jua wiki mbili. Ukijumlisha kwa mwezi, milimita zaweza kuwa zilezile. Siku za mvua zimepungua, mapengo yameongezeka.

Na mkumbuke ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua pwani nzima.

#21 Mwalimu wa Ramani
Dada, la kwanza ni muhimu sana na linaendana na fizikia: hewa ikipata joto nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Inachukua muda kujaa, ikimwaga inamwaga kwa nguvu. La pili nirekebishe kidogo. Misimu mitano iliyofeli kuanzia mwisho wa 2020 ilikuwa hasa kaskazini na mashariki mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia. Pwani ya kusini mliguswa, lakini si kwa kiwango kile.

Sasa kuhusu masika. Hapa kuna jambo ambalo wanasayansi wenyewe wanaliita kitendawili cha hali ya hewa ya Afrika Mashariki. Mifano ya kompyuta inaonyesha kanda yetu itapata mvua zaidi dunia ikiendelea kupata joto. Vipimo vya masika tangu miaka ya 1980 mpaka karibu 2010 vilikuwa vinashuka. Baadaye kuna misimu iliyorudi vizuri, na 2018 ilikuwa mvua tupu. Walipochambua ule upungufu waliona kwamba mvua ya siku moja moja haikupungua sana. Ni msimu uliokuwa unachelewa kuanza na kuwahi kuisha. Masika yakichelewa, kiangazi kilichoyatangulia kimerefuka kwa siku hizohizo. Kwa hiyo Ngalawa na mzee hawako mbali.

Na upande wa pili vuli: inategemea sana Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inafurika. Ilitokea 1961 mpaka Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita moja, ikatokea 1997, ikatokea 2019, na 2020 ziwa likavunja rekodi ya 1964. Hali ikigeuka, vuli inakatika mapema, na kiangazi kinaanza Novemba.

#22 Kuchele
Kwa hiyo kiangazi kinaliwa au kinaongezwa pande zote mbili. Mbona hapo jibu linategemea mwaka?

#23 Mwalimu wa Ramani
Linategemea mwaka, ndiyo, na juu ya hiyo kuna mwelekeo mdogo uliojificha. Kuna wanaosema mwelekeo huo umeletwa na joto la Bahari ya Hindi, ambayo magharibi yake imepata joto haraka kuliko bahari nyingi za tropiki. Wengine wanaelekeza kidole Pasifiki ya magharibi: joto la kule linainua hewa kwao, na hewa hiyo inashuka kwetu. Nimesoma hoja za pande zote na sijaona iliyoimaliza nyingine.

#24 Mwanamicheweni
Wakuu mmenifungua macho. Ila hakuna aliyenijibu lile la jasho. Kama hewa imejaa maji, kwa nini hainyeshi? Na kwa nini inanyonya udongo wangu badala ya kuulowesha?

#25 Mwalimu wa Ramani
Kwa nini hainyeshi: mvuke hauwi mvua mpaka uinuliwe ukapoe. Wakati wa kaskazi, hewa yenye unyevu ni tabaka la chini tu. Juu yake kuna hewa kavu inayoshuka, imekaa kama kifuniko cha sufuria. Yale mawingu madogo meupe unayoyaona yanapita ni mvuke unaojaribu kupanda na kugonga kifuniko. Ndiyo maana yamekatika bapa, hayana kimo.

#26 Takwimu Kwanza
Na kwa nini inanyonya, nakupa hesabu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30, ikijaa kabisa, inabeba kama gramu 30 za mvuke. Kama unyevu ni asilimia 70, bado ina nafasi ya gramu 9. Sasa panda mpaka nyuzi 32 na unyevu ubaki asilimia 70 hiyohiyo. Ikijaa inabeba karibu gramu 34, nafasi iliyobaki ni gramu 10 na kitu. Asilimia haikubadilika, jasho lako ndilo lilelile au zaidi, lakini hewa ina kiu zaidi kwa karibu sehemu moja ya tisa. Kiangazi cha siku 40 chenye joto la zaidi kinakausha udongo kuliko kiangazi cha siku 40 cha baridi kidogo. Hata kama idadi ya siku haijaongezeka hata moja, muhogo wako utakuambia imeongezeka.

#27 Msambaa wa Muheza
Hii ingekuwa post ya kwanza tungeokoa muda.

#28 Dada wa Kwale
Hapana, nisingeielewa bila zile za juu. Ahsante Takwimu.

#29 Ngalawa
Mmesahau vimbunga. Kikitokea kimbunga huko Madagaska au Msumbiji, huku anga inakuwa bluu kama imeoshwa. Kinavuta unyevu wote. Mwaka wa Idai na Kenneth tulikaa Machi nzima tunatazama mbingu. Nadhani ilikuwa 2018.

#30 Mwalimu wa Ramani
2019, mkuu. Idai Machi, Kenneth ikapiga Cabo Delgado Aprili 25. Na ni kweli masika ya mwaka ule yalichelewa, na Idai ilihusishwa na hilo. Lakini usifanye kanuni: Machi 2018 kulikuwa na vimbunga mashariki na kaskazini mwa Madagaska, vikavuta upepo wa magharibi wenye unyevu kutoka Kongo, na nchi ikalowa. Kimbunga kikikaa upande mmoja kinakunyang'anya, kikikaa upande mwingine kinakuletea. Na Hidaya ya Mei 2024 ilikuja yenyewe mpaka karibu na Mafia.

#31 Ngalawa
Hidaya msinikumbushe. Vyombo tulivipandisha mpaka kwenye minazi.

#32 Bagamoyo Asili
Nimesoma zote. Bado nasema miti.

#33 Fundi Visima
Na mimi bado nasema pampu, kwa upande wa mjini. Ila nauliza: kwani zile data za satelaiti si zingemaliza ubishi? Hazina likizo.

#34 Takwimu Kwanza
Zinasaidia, kuna zinazoanzia 1981. Lakini kila kisanduku chake ni kama kilomita tano kwa tano. Mvua ya kiangazi ya pwani unaijua: inanyesha upande wa msikiti, upande wa skuli hakuna. Kisanduku kikishika ile ya msikiti kinaandika chote kimelowa. Siku kavu zinapungua kwenye kompyuta na zinabaki shambani. Bado tunahitaji kopo chini.

#35 Mwanamicheweni
Kopo gani? Naweza kufanya mwenyewe?

#36 Takwimu Kwanza
Unaweza. Tafuta kopo la bati lenye kuta zilizonyooka, lisiwe na kiuno wala mdomo mwembamba. Upana wake hauna neno, kina ni kina. Lifunge kwenye nguzo wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo chake. Tia tone la mafuta ya kupikia ili maji yasipotee kwa jua. Kila siku saa tatu asubuhi shusha rula, andika, mwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba ya shamba lako. Na siku usipokuwepo, tafadhali, andika "sikuwepo".

#37 Mzee wa Miongo
Na pembeni yake aandike mwongo.

#38 Takwimu Kwanza
Na mwongo, ndiyo. Ukiandika tarehe zote mbili tutapata kitu ambacho hakuna kituo kinacho.

#39 Mwanamicheweni
Kopo limewekwa Ijumaa. Jana alasiri wingu jeusi likatoka upande wa bahari, tukasikia ngurumo moja, matone makubwa yakapiga bati kama dakika nne, watoto wakatoka nje kulowa wakakuta imekwisha. Saa tatu asubuhi ya leo nimeshusha rula. Maji hayafiki mstari wa kwanza wa milimita, lakini kitako cha kopo kimelowa chote na tone la mafuta linaelea. Nimeandika 0.5 na alama ya kuuliza. Takwimu, hii ni siku kavu?

#40 Takwimu Kwanza
Kwa kigezo, kavu. Alama ya kuuliza usiifute.

#41 Ngalawa
Wingu hilo lilitufikia huku Nungwi. Hata tone.